Matairi mapya ya gari la kwenda kazini: ninunue mawili au manne, na ya saizi ipi?

Msafiri wa Asubuhi anauliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kuhusu matairi, kwa kuwa nimekaribia kununua na kila ninayemuuliza ananipa jibu linalopingana na la mwenzake.

Gari langu ni dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele, na kazi yake kubwa ni kunipeleka kazini na kunirudisha, kilomita 46 kwa siku, siku tano au sita kwa wiki. Karibu njia yote ni lami, kipande kimoja nikijikokota kwenye foleni na kingine nikifika mwendo wa kilomita 90 hadi 100 kwa saa. Mara mojamoja hubeba watu wanne pamoja na mizigo yao. Matairi yaliyopo ni 185/65 R15 88H, na yote manne yalifungwa siku moja.

Juzi nilikuwa naliosha gari, nikapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi la mbele kushoto, nikahisi kitu kinanichoma. Nilipokata usukani hadi mwisho ili tairi lijitokeze, niliona ukingo wa ndani umeliwa mpaka nyuzi za chuma zinachungulia, ilhali ukilitazama tairi hilohilo ukiwa umesimama nje ya gari kashata (vipande vya mpira vya uso wa tairi) bado zinaonekana kuwa nzuri tu. Tairi la mbele kulia nalo limeliwa upande wa ndani, ingawa halijafikia hali hiyo. Ya nyuma yameisha kwa usawa, nayo yamebaki na kina cha mifereji cha milimita 3 hivi.

Muuzaji niliyekwenda kwake ameniambia ninunue mawili tu na kuyafunga mbele. Saizi yangu hakuwa nayo siku hiyo, akanionyesha 185/60 R15 84H na 195/60 R15 88H, akisema kwamba zote zinaingia kwenye rimu zangu bila tatizo. Akaongeza kwamba kwa mtu wa safari za kila siku tairi bora ni gumu, kwa sababu hudumu. Je, ni kweli? Na kuna jambo gani jingine ambalo ningepaswa kuuliza nami sikuliuliza?

Fundi Magurudumu anajibu:

Ndugu yangu, kabla hatujafika kwenye tairi la kununua, nakuomba gari hilo lisitoke tena na tairi lile. Nyuzi za chuma zikishaonekana, maana yake mpira umekwisha kabisa mahali hapo. Maji na mchanga vinaingia, chuma kinashika kutu, na tairi linaweza kupasuka bila kutoa dalili yoyote, tena ukiwa katika ule mwendo wa kilomita 100. Funga tairi la akiba leo, lakini lipime upepo kwanza, kwa sababu matairi mengi ya akiba hukaa miaka bila kuguswa na siku yanapohitajika hukutwa yamelala. Kama la kwako ni lile jembamba la dharura, heshimu mwendo ulioandikwa ubavuni, ambao mara nyingi ni kilomita 80 kwa saa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo muuzaji wako hakulitaja. Tairi lililoisha hubaki na ushahidi wa jinsi lilivyotumika, na fundi anayekufungia matairi mapya bila kuyasoma yale ya zamani anakufanya urudi kwake mapema. Kashata zikiliwa kwenye kingo zote mbili huku katikati kukiwa kumebaki, upepo ulikuwa mdogo kwa muda mrefu. Zikiliwa katikati, upepo ulizidi. Ukilipapasa tairi kwa kulizungusha na kukuta mabonde na vilima, shuku shokapu zilizochoka au balansi mbovu, yaani uzito usiogawanyika sawa kuzunguka gurudumu. Lako limeliwa ndani, na mwenzake vilevile, kwa hiyo mimi ninaona tatizo ni alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu: matairi ya mbele yanatazama nje kidogo, kama miguu ya mtu anayetembea akiwa ameitawanya, na kila mzunguko ukingo wa ndani unaburuzwa badala ya kuviringika. Upotofu wenyewe unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba usukani hauvuti upande wala mikono yako haihisi chochote. Wewe uliugundua kwa kiganja, na nakupongeza, kwa sababu wengi huugundua wakiwa wamesimama kando ya barabara na jeki mkononi.

Hata hivyo, usikimbilie kwenye mashine ya alaimenti moja kwa moja. Mwambie fundi anyanyue gari, aliweke juu ya stendi imara, kisha ashike kila tairi la mbele kwa mikono miwili, kwanza kushoto na kulia, halafu juu na chini, na kulitikisa. Likicheza kushoto na kulia, ncha za vyuma vya usukani zimelegea. Likicheza juu na chini, aangalie boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu) na beringi. Atazame pia bushi, yaani mipira ya viungo, za mikono ya chini inayoshika magurudumu kama zimepasuka. Gari lenye viungo vilivyolegea ukilifanyia alaimenti, vipimo vitakuwa sahihi mashineni, lakini ukipita mashimo mawili tu vitahama. Kwa hiyo utaratibu ni huu: viungo vikaguliwe na kubadilishwa vilivyochoka, matairi mapya yafungwe, alaimenti ifanywe juu ya matairi mapya, na uombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Ukifunga matairi mapya bila hatua hizo, yataliwa kama yalivyoliwa haya, na lawama utaitupia saizi au kiwanda.

Mpenda Vipimo anajibu:

Nimependa maelezo ya Fundi. Mimi nitashughulika na swali la saizi peke yake, kwa kuwa neno "zinaingia" limewaponza watu wengi. Tairi lolote la inchi 15 lenye upana unaokaribiana na wako litaingia kwenye rimu hiyo. Kuingia si kufaa.

Katika 185/65 R15 88H, namba 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 si milimita bali ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 120 na robo. Herufi R inasema tairi ni la radiali, ambalo nyuzi zake za mwilini hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, muundo ambao Michelin ilijipatia hataza yake mwaka 1946 na ambao sasa ndio wa kawaida kwa magari madogo. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Ukijumlisha rimu na mabavu mawili, tairi lako lina kimo cha milimita 621.5.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa 185/60 R15 na utapata milimita 603, pungufu ya asilimia 3. Gari litashuka kwa zaidi ya milimita 9, spidometa itakuonyesha 100 wakati mwendo halisi unakaribia 97, na kilomita zitakazohesabiwa zitakuwa nyingi kuliko ulizosafiri. Pengine ungeweza kuishi na hayo yote. Mimi ninalikataa tairi hilo kwa sababu ya ile namba 84 iliyoandikwa baada ya saizi, ambayo wanunuzi wengi huipita kana kwamba ni namba ya dukani. Hiyo ni alama ya uzito. Tairi lenye 88 limeidhinishwa kubeba kilo 560, na lenye 84 kilo 500. Kwa matairi manne umepoteza uwezo wa kilo 240, na umesema mwenyewe kwamba zipo siku unabeba watu wanne na mizigo. Tairi linalobeba kuliko uwezo wake hujikunja mno, kujikunja huzaa joto, na joto ndilo linalotenganisha tabaka za mpira na nyuzi.

Herufi H ni mwendo wa juu ambao tairi limeidhinishwa, kilomita 210 kwa saa. T ni 190, S ni 180, V ni 240. Najua hakuna anayekwenda kazini kwa mwendo huo. Ichukulie herufi hiyo kama kipimo cha jinsi tairi linavyostahimili joto, na usishuke chini ya ile iliyotajwa katika kitabu cha gari.

Kuhusu 195/60 R15 88H, kimo chake ni milimita 615, tofauti ya asilimia 1 tu, na uzito umelingana. Kama kitabu cha gari au kile kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaitaja saizi hiyo, sina pingamizi. Ila nakuuliza: utafaidika nini? Tairi pana zaidi hulazimika kusukuma maji mengi zaidi barabara inapolowa, ubavu mfupi hauyamezi mashimo vizuri, na wewe hukuwa na tatizo lolote na saizi yako. Muuzaji alikupa alichokuwa nacho rafuni. Subiri siku mbili au nenda duka jingine, upate 185/65 R15 88H.

Mama wa Safari Ndefu anajibu:

Kaka yangu, mimi si fundi, lakini suala la kununua mawili na kuyafunga mbele limenigusa kwa sababu lilinipata.

Miaka kadhaa iliyopita nilibadilisha matairi mawili, na mahali niliponunua waliyafunga mbele bila kuniuliza, kwa hoja ileile kwamba mbele ndiko kuna usukani, breki kubwa na nguvu ya injini. Hoja ilinionekea sahihi kabisa. Wiki chache baadaye nilikuwa ninatoka kazini mvua ikinyesha, nikaingia katika kona ambayo ninaipita kila siku, kwa mwendo wangu wa kila siku. Mbele gari lilishika vizuri kama kawaida, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kupunguza. Nyuma kukaelea. Nilihisi kiti kinavutwa kando chini yangu, nikaachia mafuta kwa hofu, na kuachia kule kukazidisha, kwa maana uzito ulihamia mbele na nyuma kukawa kwepesi zaidi. Gari lilizunguka nusu duara na kusimama likitazama nilikotoka. Nashukuru hakukuwa na gari nyuma yangu.

Baadaye nilielezwa vizuri, na ningependa nawe uelewe. Matairi yaliyoisha yakiwa mbele, gari linapoanza kuelea juu ya maji usukani huwa mwepesi na gari hutaka kwenda moja kwa moja. Dereva analihisi jambo hilo mikononi, na anachokifanya bila kufikiri, yaani kuondoa mguu kwenye mafuta, ndicho kinachosaidia. Yaliyoisha yakiwa nyuma, mikono haipati habari yoyote mpaka gari limekwisha kuanza kuzunguka, na hapo ni dereva mwenye mafunzo tu anayeweza kulirudisha. Ndiyo maana watengenezaji wa matairi hushauri mapya yafungwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Watu huona ajabu wakiambiwa hivyo. Mimi siioni ajabu tena.

Kwa hali yako, hata hivyo, ningenunua manne. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha takriban milimita 8, na kikomo cha kisheria katika nchi nyingi ni milimita 1.6. Kwa hiyo kina cha kutumia ni milimita 6.4, na matairi yako ya nyuma yenye milimita 3 yamebakiwa na 1.4 tu. Yamekula zaidi ya robo tatu ya maisha yake. Wengi wanaojua kazi hii hushauri matairi yabadilishwe yakifika milimita 3 kwa yeyote anayeendesha penye mvua, bila kusubiri 1.6, kwa kuwa uwezo wa mifereji kumeza maji unakuwa umeporomoka. Kama mfuko hauruhusu manne, nunua mawili, yafungwe nyuma, na yale ya nyuma yenye milimita 3 yahamie mbele kwa miezi michache tu mpaka upate mengine.

Dereva wa Masafa anajibu:

Naheshimu yote yaliyosemwa, ila kuhusu ugumu namuunga mkono muuzaji. Natembea kilomita nyingi kwa mwezi kuliko mwenye swali, na nimewahi kununua matairi laini yaliyosifiwa sana, yakaisha kabla sijayazoea. Tangu nihamie kwenye matairi magumu yenye alama kubwa ya kudumu ubavuni, sijajuta. Kwa mtu wa kazini na nyumbani, kudumu ndiko kunakolipa.

Mwalimu wa Lami anajibu:

Ndugu Dereva, nadhani alama unayoitaja ni ile ya mfumo wa Marekani, inayoandikwa pamoja na neno TREADWEAR (kudumu), ikifuatiwa na TRACTION (kushika barabara iliyolowa) na TEMPERATURE (kustahimili joto). Ni alama yenye manufaa, lakini inafaa kusomwa kwa uangalifu. Jaribio lake huendeshwa katika barabara za jimbo la Texas kwa maili 7,200, karibu kilomita 11,600, na uchakavu wa tairi hulinganishwa na wa tairi la kipimo lililopewa 100. Lenye 400 linakadiriwa kudumu mara nne ya lile la kipimo katika njia ileile. Kinachosahaulika ni kwamba viwanda vyenyewe ndivyo vinavyoyapima na kuyapa matairi yao alama, kwa hiyo 400 ya kiwanda kimoja na 500 ya kingine hazilinganishiki kwa uhakika kama zile za kiwanda kimoja. Tena, gari lenye alaimenti mbovu litalimaliza tairi la 600 kabla ya lile la 300 kwenye gari lisilo na hitilafu. Ushahidi tunao katika swali hili hili.

Nakubaliana nawe kwamba kudumu ni jambo la maana kwa mtu anayetembea kilomita 46 kila siku, na sitamshauri anunue tairi la michezo. Ninachopinga ni kulichagua tairi kwa ugumu peke yake. Mpira hushika lami kwa kujikandamiza katika vinundu vidogo vya barabara, na mpira mgumu hujikandamiza kidogo, hasa lami ikiwa imelowa au ni ya baridi. Katika barabara kavu na mwendo wa foleni hutaona tofauti. Utaiona siku moja, mvua ya kwanza imenyesha, mafuta na vumbi vimeelea juu ya lami, na gari la mbele limesimama ghafla.

Kwa hiyo, ndugu mwenye swali, tafuta kwanza herufi ya TRACTION. Daraja huanzia AA, kisha A, B, na C ya mwisho, na hupimwa kwa kufunga breki katika lami na zege iliyolowa, mstari ulionyooka, bila kona. Mimi nisingenunua chini ya A. Ukikuta matairi yenye kibandiko cha Umoja wa Ulaya, kazi ni rahisi zaidi: tangu Mei 2021 kibandiko hicho kina madaraja kutoka A hadi E kwa mambo mawili, unywaji wa mafuta na uwezo wa kushika barabara iliyolowa, pamoja na kipimo cha kelele kwa desibeli. Kibandiko hakisemi lolote juu ya kudumu, na hapo ndipo alama ya Marekani inapokamilisha picha. Tairi la kawaida la safari, lenye A au B ya kibandiko cha Ulaya katika maji na TREADWEAR ya wastani, litakutosha. Lenye namba kubwa ya kudumu na daraja la chini katika maji liache, hata likisifiwa vipi.

Kwa wanaosoma hapa wakiwa nchi zenye majira ya baridi kali, hesabu inabadilika: mpira wa matairi ya kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi, na alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake haimaanishi kwamba tairi limefanyiwa jaribio la theluji.

Dereva wa Masafa anajibu:

Mwalimu, nimekwenda kuyaangalia ya kwangu. TREADWEAR 560, TRACTION B. Sikuwahi kuisoma hiyo herufi ya pili. Nitakapobadilisha nitaanza nayo.

Msafiri wa Asubuhi anajibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimefanya kama mlivyosema na ninarudi na habari, pamoja na swali moja zaidi.

Gari lilinyanyuliwa. Ncha ya chuma cha usukani upande wa kushoto ilikuwa imelegea kiasi kwamba hata mimi, niliyesimama pembeni, niliiona ikicheza, na bushi moja ya mkono wa chini imechanika. Vimebadilishwa vyote viwili. Nimepata duka lenye 185/65 R15 88H, TREADWEAR 420, TRACTION A, na nimeamua kuchukua manne.

Kabla ya kulipa nilichuchumaa kusoma ubavu wa kila tairi. Penye herufi DOT, mwisho wa mfuatano mrefu, nilikuta tarakimu nne: matatu yana 1125 na la nne lina 3020. Muuzaji anasema zote ni mpya kwa kuwa hakuna lililowahi kugusa barabara, na kwamba lile la nne ni la stoo tofauti. Nimemwambia nitarudi kesho. Je, tofauti hiyo ina uzito, au ninakuwa mgumu bila sababu?

Fundi Magurudumu anajibu:

Ina uzito, na umefanya vyema kutolipa. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 1125 ni wiki ya 11 ya mwaka 2025. 3020 ni wiki ya 30 ya mwaka 2020. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala rafuni: hewa ya oksijeni huukausha taratibu, na joto na jua huharakisha. Tairi la mwaka mmoja au miwili lililohifadhiwa penye kivuli halina tatizo lolote, na sikushauri ukatae tairi kwa sababu ya miezi. Lakini watengenezaji wengi wa magari hushauri matairi yabadilishwe yakifikisha miaka 6, na viwanda kadhaa vya matairi huweka miaka 10 tangu kutengenezwa kuwa mwisho kabisa, hata kashata zikiwa bado nzima. Tairi la 2020 limekwisha kutumia sehemu kubwa ya muda huo kabla hujaliviringisha mita moja, na unaliuziwa kwa thamani ya jipya. Zaidi ya hapo, likifungwa ekseli moja na la 2025 utakuwa na mipira miwili yenye ushikaji usiolingana kushoto na kulia. Omba la nne la mwaka uleule. Wasipokuwa nalo, yachukue hayo matatu endapo tu watakuletea la nne kabla ya kufunga. Vinginevyo tafuta seti nyingine.

Siku ya kufunga simama hapohapo utazame. Valvu za mpira zibadilishwe pamoja na matairi, kwa kuwa valvu kuukuu ikivuja itakumalizia tairi jipya. Kama ubavuni kuna mshale, uelekee upande gurudumu linakozungukia gari likienda mbele; kama kuna neno OUTSIDE, lionekane ukiwa umesimama nje. Kila gurudumu lifanyiwe balansi. Nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, si kwa kufuatana, na mkazo wa mwisho uwe kwa spana ya kipimo, kisha zikaguliwe tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100. Usimruhusu mtu azikaze kwa mashine ya upepo mpaka ilie na kukuambia kazi imekwisha. Siku ukipata pancha njiani, peke yako, hutaweza kuzifungua nati hizo kwa mkono.

Kuhusu upepo, fuata kibandiko cha nguzo ya mlango, si ile namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi. Ile ya ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe, ya kibandiko ndiyo iliyopimwa kwa uzito wa gari lako, na siku za watu wanne na mizigo utaona kibandiko kinataja kiwango cha juu zaidi, hasa kwa nyuma. Pima asubuhi kabla hujatoka, matairi yakiwa ya baridi. Ukipima baada ya safari utakuta namba imepanda, na ukiupunguza hapo, kesho asubuhi utakuwa umepungukiwa. Nunua geji yako mwenyewe, uwe unapima mara moja kwa mwezi na la akiba likiwemo.

Kilomita 300 za mwanzo nenda kwa upole, usifunge breki za ghafla bila sababu wala kukata kona kwa kasi, kwa maana uso wa tairi jipya bado una utelezi wa kiwandani. Kisha kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 yazungushe: ya mbele yarudi nyuma upande uleule, ya nyuma yaje mbele kwa kupishana, isipokuwa yakiwa na mshale, ambapo kila tairi hubaki upande wake. Kwa mwendo wako wa kilomita 46 kwa siku, hiyo ni kila baada ya miezi saba au minane. Siku hiyo mwambie fundi alitikise tena tairi la kushoto gari likiwa juu, nawe upitishe kiganja upande wa ndani kama ulivyofanya juzi.

Msafiri wa Asubuhi anajibu:

Wamelileta la nne leo mchana, 1125 kama wenzake. Yamefungwa yote, alaimenti imefanywa juu yake, na karatasi ya vipimo ninayo: gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limetoka nje ya kiwango kabisa, la kulia kidogo. Nati nimezikagua tena jioni hii baada ya kilomita 60, na moja ya nyuma ilikubali robo mzunguko.